"Bring Forward" Si Kusogeza Mbele: Vitenzi Vyenye Mkia vya Kiingereza

Kijana mmoja wa hapa Kigoma, ambaye hupeleka wageni Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, kwa boti kutoka Kibirizi, alikosa kazi nzuri kwa sababu ya maneno mawili ya Kiingereza. Wageni walikuwa wamepanga kuondoka Alhamisi. Jumapili jioni wakamwandikia kwenye simu: "The trip has been brought forward by two days." Akasoma, kila neno akalijua. "Bring" ni kuleta, "forward" ni mbele, siku mbili ni siku mbili. Safari imesogezwa mbele siku mbili, basi ni Jumamosi. Akajibu "OK, no problem", akapanda gari kwenda Kasulu kumsalimia mama yake. Jumanne saa moja asubuhi simu ikaanza kuita. Wageni wamesimama Kibirizi na mabegi yao, boti haipo, nahodha yuko Kasulu anakunywa uji.

Wiki iliyofuata alikuja kwangu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Vipi wageni?"

"Wameenda na mtu mwingine. Mwalimu, hivi mimi na Kiingereza tuna ugomvi gani? Mbele si mbele?"

Mbele si mbele. Kwetu sisi, kikao kikisogezwa mbele kimeahirishwa. Siku zijazo tunaziona ziko kule mbele, na kusogeza jambo mbele ni kulisukuma liende huko mbali. Mwingereza anaposema "bring forward", tarehe anaiona kama kitu kilichokaa kule, naye anakivuta kije hapa aliposimama. Ufunguo uko kwenye "bring": huwezi kuleta kitu halafu kikawa kimekwenda mbali. Kwa hiyo safari ilivutwa kutoka Alhamisi ikaja Jumanne. Akitaka kuisukuma mbali atasema "put off", au atasema "put back", ambayo ukiitafsiri neno kwa neno unapata "rudisha nyuma". Yaani "forward" yao ni nyuma yetu, na "back" yao ni mbele yetu. Mtu anaweza kukaa na kamusi usiku kucha asilione hilo, kwa sababu kamusi yake imeandika "bring" ukurasa mmoja na "forward" ukurasa mwingine, na maana haipo kwenye ukurasa wowote kati ya hiyo miwili. Iko pale maneno yanapokutana.

Vitenzi vya namna hii wenyewe huviita "phrasal verbs". Mimi darasani naviita vitenzi vyenye mkia: kitenzi kifupi, mara nyingi cha silabi moja, kinachofuatwa na kineno kama "up", "off", "out", "on", "down", "away", "back". Jina lao la Kiingereza si la zamani sana. Lilichapishwa mwaka 1925 na mwandishi Logan Pearsall Smith, aliyesema amelipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Lakini usumbufu wenyewe ulijulikana mapema. Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake ya Kiingereza mwaka 1755, aliandika kwenye utangulizi kwamba hakuna kitu katika lugha hiyo kinachowatesa wageni kama hiki, na kwamba alijitahidi kuvikusanya kwa uangalifu kwa ajili hiyo. Kwa hiyo ukijiona mjinga mbele ya "put up with", jua kwamba ujinga huo ulitabiriwa miaka zaidi ya mia mbili na hamsini iliyopita.

Kilichonishangaza kwa yule kijana ni kwamba hakupungukiwa msamiati. Amemaliza kidato cha nne. Neno "postpone" analijua. "Investigate" analijua, "tolerate" analijua, hata "extinguish" amelisoma kwenye kopo jekundu la kuzimia moto. Ila mtu akimwambia "look into", "put up with" au "put out the fire", anakwama. Na hayo ndiyo hayohayo: "look into" ni kuchunguza, "put up with" ni kuvumilia, "put out" ni kuzima moto.

Sababu ni ya kihistoria, na ukiijua hutajilaumu tena. Mwaka 1066 Uingereza ilitekwa na watawala kutoka Normandy, ng'ambo kule Ufaransa. Kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa walizungumza Kifaransa, na maneno ya mahakama, ikulu na elimu yakaingia kutoka Kifaransa na Kilatini. Maneno ya kila siku yakabaki jikoni, shambani na njiani: "get", "put", "take", "come", "go", "look", "turn", "break". Machache, mafupi, na yakafanyishwa kazi nyingi kwa kubadilishiwa mkia. Nasi tuna jambo linalofanana. "Kuahirisha" limetoka Kiarabu, "kusogeza mbele" ni la kwetu la Kibantu. Barua ya ofisini itaandika kikao kimeahirishwa, mama pale soko la Mwanga atakwambia wamekisogeza mbele. Tofauti ni kwamba Kiswahili tulianza na lile la sokoni, tukafundishwa la ofisini baadaye. Kiingereza tumekipata shuleni, kwenye vitabu vya sekondari, kwa hiyo tumepanda mti kuanzia matawini. Tunajua "postpone" kabla ya "put off". Tunaweza kuandika insha, halafu mgeni akituuliza kitu cha kawaida kituoni tunatoa macho.

Sasa, watu wakishatambua kwamba hili ni pengo, wanakimbilia orodha. Nazijua hizo picha zinazozunguka WhatsApp: "Phrasal verbs mia moja unazopaswa kujua", zimepangwa kwa kitenzi. "Get up, get on, get over, get by, get along, get away." Sizipendi. Ni sawa na kutaka kuwajua watu wa mtaa kwa kuwapanga kufuata rangi ya mashati yao. "Get" yenyewe haina habari, ni shati tu. Habari iko mkiani.

Na hapa ndipo Mswahili ana mtaji ambao hautumii. Lugha yetu hufanya jambo lilelile, ila mkia umeshonwa kwenye kitenzi. Chukua "vaa" na "vua". "Bandika" sufuria jikoni na "bandua". "Anika" dagaa na "anua". "Pakia" boti na "pakua". "Funga" na "fungua". Ile -u- inayoingia mwishoni, ambayo walimu wa sarufi huiita kauli ya kutendua, ina kazi moja: kuachanisha vilivyokuwa pamoja. Nguo iachane na mwili, sufuria iachane na jiko, dagaa waachane na kichanja. Mtoto wa miaka mitatu anaijua bila kufundishwa. Kiingereza hakina kitu cha kushona mwishoni kwa namna hiyo, kwa hiyo kinaweka kineno pembeni, na kineno kinachofanya kazi ya -u- yetu mara nyingi ni "off".

Ukiiona "off" kama kuachana, nusu ya vitu vyake hujipanga vyenyewe. "Take off your shoes": viatu viachane na mguu, yaani vua. "Take the pot off the fire": epua. "The plane took off": ndege imeachana na ardhi. "Switch off the light": umeme uachane na taa. "We set off at six": tumeachana na tulipokuwa, safari imeanza. "Put off the trip": safari imeachanishwa na tarehe yake ikasogezwa kwingine. "Call off the trip": imeachanishwa na ratiba kabisa, imefutwa. "Pay off a debt": umelipa hadi deni limebanduka. Hata "the smell put me off", yaani harufu imenikata hamu, ni palepale: hamu imeachana nami. Kuna wageni wanaofika Kibirizi wakati dagaa wameanikwa, na sentensi hiyo wanaitamka kabla hata ya salamu.

Utaona pia kwamba Kiingereza ni bahili. Sisi tuna jozi tofauti kwa kila kazi, vaa na vua, bandika na bandua, washa na zima. Wao wanatumia "on" na "off" kwa zote, kitenzi kikibadilika kidogo tu. Huo ni unafuu mkubwa kwa mwanafunzi, na sijui kwa nini hatusimuliwi.

Kuna moja ya "off" iliyonisumbua miaka. "The alarm went off." Nilidhani saa imezimika. Kumbe imelia! Na bomu likilipuka nalo "goes off". Maziwa yakichacha au samaki akiharibika, "goes off". Taa zikizimika, "go off". Jibu la hiyo alamu nililipata kwenye Kiswahili chenyewe. Sisi husema tumetega alamu, kama tunavyotega mtego wa panya. Mtego uliotegwa unashikilia nguvu yake, na siku ikifika unafyatuka, nguvu inaachana na kilichoishika. "Set the alarm" ni tega, "went off" ni imefyatuka. Ya samaki bado namalizia kuitafuta. Pengine ameachana na ubora wake. Sijaridhika na maelezo hayo, ila yananisaidia kukumbuka.

Mkia wa pili ambao lazima uujue kwa undani ni "up", na huu ni mkubwa kuliko yote. Una maana yake ya kawaida ya juu: "stand up", "pick up", "go up". Kutoka juu ya kweli unakwenda juu ya kiasi: bei "goes up", sauti ya redio "turn it up", mtu anayenong'ona huambiwa "speak up". Vilevile kitu kinachopanda huonekana, kama kichwa cha muogeleaji kinavyoibuka ziwani, kwa hiyo "turn up" na "show up" ni kutokea, kufika. Mpaka hapo ni mantiki. Tatizo huanza kwenye "eat up", "use up", "dry up", "fill up". Hakuna kinachopanda pale. Ukila ugali wako wote hauendi juu, unakwenda chini.

Hiyo "up" inasema jambo limefika mwisho wake, halikubakiza. Nasi tuna zana za kusema hivyo, tena nzuri kuliko zao. Tunasema ukumbi umejaa pomoni, mtoto amelala fofofo, nguo zimelowa chepechepe. Au tunanyoosha kitenzi na kukipa "mbali": tupilia mbali, futilia mbali, potelea mbali. Hakuna anayeuliza mbali ni kilomita ngapi. "Up" kwenye "fill up the tank" ndiyo pomoni yao. "Drink" ni kunywa, "drink up" ni kunywa hadi glasi ionekane chini. "Tear" ni kuchana, "tear up" ni kuchana vipandevipande. Ukielewa hivyo, unaposikia "up" mahali ambapo hakuna kupanda, tafsiri kichwani "kabisa", na mara nyingi utakuwa umepatia.

Kwa "out" nitapita haraka. Msingi wake ni nje, na nje kuna milango miwili. Kitu kinaweza kutoka kwenye giza kikaonekana: "find out", kugundua, "work out", kukokotoa hadi jibu litoke, "hand out", kugawa. Au kinaweza kutoka tusikione tena: "run out", kuishiwa, "go out", kuzimika kwa moto, "drop out", kuacha masomo, "pass out", kuzirai. Hiyo ya mwisho ina utani ndani yake, kwa sababu kwa Waingereza askari anayehitimu mafunzo naye "passes out". Kwa hiyo kuruta aliyesimama juani muda mrefu kwenye gwaride la kuhitimu anaweza "pass out" mara mbili asubuhi moja.

Tofauti ya "find" na "find out" wanafunzi wangu wengi huikosea, na mfano mzuri tunao jirani. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika Gombe Julai 1960. Sokwe "she found", aliwapata msituni, baada ya kuwasubiri sana kwa sababu walikuwa wakimkimbia. Mwaka huohuo "she found out" kwamba wanatengeneza zana: alimwona mmoja akitumia bua kuvulia mchwa kwenye kichuguu, na wengine wakipukutisha majani ya kijiti kabla ya kukitumbukiza. Sokwe ni kitu, unampata. Kwamba anatengeneza zana ni habari, unaigundua. Huwezi kusema "she found out a chimpanzee".

Na ukitaka "look for", nenda Ujiji. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa "looking for" David Livingstone, akamkuta pale Ujiji. Livingstone wakati huo alikuwa "had run out of" karibu kila kitu, kwa sababu mali aliyotumiwa ilikuwa imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. "Sold off" ndiyo kauli yake, imeuzwa hadi ikaachana na mwenyewe. Usiseme Stanley "came across" Livingstone. "Come across" ni kukutana na kitu bila kukitafuta, kama kuokota shilingi njiani. Stanley alitoka pwani akitembea kwa miezi, huko si kuokota.

Sasa tuje kwenye jambo linalowatoa watu jasho kwenye mitihani: mkia unakaa wapi. Unaweza kusema "pick up the parcel", unaweza kusema "pick the parcel up", zote sawa. Lakini ukifupisha mzigo ukauita "it", njia inabaki moja: "pick it up". Ukisema "pick up it" mwenye lugha atakunja uso. Walimu wengi hulifundisha hili kama sheria ya kukariri. Mimi huuliza darasa: "Nimechukua kitabu." Kitabu kiko wapi? Nje, baada ya kitenzi. Sasa fupisha. "Nimekichukua." Hiyo -ki- iko wapi? Imeingia ndani, katikati ya kitenzi, haikubali kubaki nje. Kiingereza kinafanya hivyohivyo. Jina zima lina uhuru wa kukaa ndani au nje. Kiwakilishi kifupi lazima kiingie katikati. "Ni-me-ki-chukua", "pick-it-up". Tangu nianze kulieleza hivyo, makosa yamepungua sana, na kuna binti mmoja alinikasirikia kwamba miaka minne ya sekondari hakuna aliyemwambia.

Ila si mikia yote inakubali kuachia nafasi. "Look after the child" huwezi kuigeuza ikawa "look the child after", na kiwakilishi nacho kinabaki mwishoni: "look after him". Njia ya kuvitambua ni kuangalia kineno chenyewe. "Up", "out", "off", "down", "away" na "back" kwa kawaida hutanuka kikipatikana kitu cha kubeba. "For", "at", "into" na "with" zimeng'ang'ania kinachozifuata, hazitaki kuachana nacho. "After" ya "look after" nayo iko kundi hili. Sikio pia husaidia. Kwenye "pick it up" sauti inakazwa kwenye "up". Kwenye "look for him" inabaki kwenye "look" kisha "for" inapita kimyakimya. Na vile vya maneno matatu, "put up with", "run out of", "look forward to", kwa kawaida havipasuliwi. Kwa hicho cha mwisho, wanaoandika barua za kuomba kazi kwenye mashirika ya Kasulu na Kibondo watazame vizuri: ni "I look forward to hearing from you". Wengi huandika "to hear", na barua nzima iliyokuwa safi inachafuka mstari wa mwisho.

Nikiwa hapo kwenye barua: usidhani kwamba kwa kuwa vitenzi hivi ni vya mazungumzo, basi havifai kwenye maandishi. "Carry out" na "set up" utavikuta kwenye ripoti nzito kabisa. Ila kukiwa na wawili, mfupi wenye mkia na mrefu wa Kilatini, mrefu huvaa tai. Mwambie bosi kwa mdomo "we put it off", mwandikie "it was postponed".

Kuna wengine ambao wameshaingia kwenye Kiswahili nasi hatuwatambui. Pikapu inayobeba ndizi ni "pick up". Chekapu ya hospitali ni "check up". Bekapu ya simu, kukaa stendibai, chakula cha teki awei. Na mwenye kelele kuliko wote, sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa. Hawa wote waliingia kama majina, na kwenye Kiingereza jina la namna hiyo hukazwa sauti mwanzoni, "PICK-up", wakati kitenzi hukazwa mkiani, "pick UP". Ukikosea kukaza hutapigwa, lakini msikilizaji atachelewa kidogo kukuelewa.

Hiyo sendofu iangalieni. Kama jina iko sawa, hata Waingereza husema wamempa mtu "a good send-off". Ila ukiigeuza kitenzi ukamwandikia rafiki wa nje kwamba dada yako "was sent off on Saturday", atakayekuwa mpenzi wa mpira ataelewa kwamba dada amepewa kadi nyekundu. Kama unamaanisha mlikwenda stesheni au bandarini kumsindikiza mtu, kitenzi chake ni "see off": "We saw her off at the station." Kiswahili kina neno moja tu tamu kwa hilo, sindikiza, na nadhani hatulishukuru vya kutosha.

Stesheni inanikumbusha "on" na "in". Kwenye treni, meli, basi na ndege ni "get on" na "get off", kwa sababu unapanda jukwaani ambapo unaweza kusimama na kutembea. Bodaboda na baiskeli nazo ni "get on", kwa kuwa unakaa juu yake. Gari dogo na bajaji ni "get in" na "get out", unajipenyeza ndani. Abiria wa Kigoma aliyetoka Dar es Salaam akisikia Tabora watu "are getting off" asibebe begi. Pale reli hugawanyika, wanaoshuka wengine wanakwenda Mwanza. Kwa mtumbwi ni "get into", na ukiwahi kupanda mtumbwi unajua kwa nini: usipoingia kwa adabu unaingia ziwani.

Meli yetu ya Liemba naitumia kwa somo zima, kwa sababu maisha yake ni vitenzi vyenye mkia mwanzo hadi mwisho. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Kisha "they took it apart", wakaitenganisha vipande, wakavifunga kwenye masanduku, vikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi huku. Kigoma "they put it together", wakaiunga upya, ikaingia majini 1915. Vita vilikuwa "had broken out" mwaka uliotangulia. Julai 1916, wakirudi nyuma, Wajerumani wakaizamisha wenyewe, "it went down". Waingereza "brought it up" mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Sasa shika hiyo "bring up" ya meli kutoka chini ya maji, kwa sababu ni hiyohiyo ya mtoto. "I was brought up in Ujiji" ni nimelelewa Ujiji: mtu mdogo aliyekuwa chini amepandishwa hadi amesimama. Na mtu akisema kwenye kikao "she brought up the question of fuel", suala lililokuwa limezama limeibuliwa mezani. Meli, mtoto, mada. Ukivikariri kama maana tatu ni mzigo. Ukiona mkono mmoja unaoinua, ni maana moja imevaa nguo tatu.

Lakini sitadanganya kwamba vyote vinafunguka hivyo. Vingine ni vifungu vigumu kama vyetu. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikuta kata tiketi, kata shauri, kata rufaa, kata tamaa na kata roho, anauliza kisu kiko wapi. Akisikia mama amepiga pasi, baba amepiga mswaki na jirani amepiga chafya, anadhani nyumba hiyo ina fujo. Hatuna la kumweleza zaidi ya kwamba ndivyo tunavyosema. "Put up with" iko hivyo. "Give up" iko hivyo, na tafsiri yake nzuri ni hiyo kata tamaa, kigumu kwa kigumu. Vingine vilikuwa na sababu ambayo imetoweka. "Hang up" ni kukata simu, na "hang" ni kutundika, kwa kuwa simu za zamani zilikaa ukutani na ukimaliza kuongea unatundika kisikilizio kwenye ndoano. Leo hakuna ndoano, neno limebaki linaning'inia.

Yule kijana wa Kibirizi nilimshauri daftari. Kila ukurasa mkia mmoja, na kila kitenzi kiandikwe ndani ya sentensi ya kazi yake mwenyewe, kamwe kisiandikwe peke yake. Juzi alinionyesha. Ukurasa wa "off" umejaa hadi pembeni. "Up" imekula kurasa tatu. Kwenye "forward" ameandika "bring forward" kwa kalamu nyekundu, akapigia mistari miwili, na pembeni ameandika "JUMANNE". Ukurasa wa "by" una kitu kimoja tu, "get by", kubangaiza, na chini yake sentensi aliyoitunga mwenyewe: "We are getting by, but petrol has gone up."